Gunia Lilipanda Jahazi, Ukali Ukabaki

Msimu wa mavuno ukifika Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, ndengu hupimwa kwa gorogoro, kwa debe na kwa gunia. Mkulima anayemwaga zake juu ya turubai la mnunuzi huzungumza Kikamba. Mnunuzi akimpigia simu mwenzake wa Nairobi, hugeukia Kiswahili. Risiti, ikiwepo, huandikwa kwa Kiingereza, na humo gunia huwa "gunny bag". Aliyeiandika hudhani ametafsiri. Hakutafsiri kitu. "Gunny" ya Kiingereza na "gunia" ya Kiswahili zote ni "goni" ya India, mfuko mnene wa kubebea nafaka. Moja lilizungukia Uingereza kwa meli za wakoloni, jingine likaja pwani yetu kwa jahazi, yakaja kukutana tena kwenye mzani mmoja. Kikamba nacho kinasema "ikunia", kwa hiyo pale pale sokoni neno hilo moja limevaa kanzu tatu.

Maneno ya Kihindi ndani ya Kiingereza huchukuliwa kuwa somo la wapenda historia, na maana nyingi za vivumishi vya kila siku huachiwa walimu wa sarufi. Ukiyatazama mambo haya mawili kutoka Mutomo, unaona ni swali moja: ni maneno gani husafiri, na ni yapi hukataa kuondoka nyumbani? Jibu fupi ni kwamba jina la kitu husafiri na kitu chenyewe. Kivumishi hakina kitu cha kusafiri nacho. Kikilazimika kusafiri, hufika kimepoteza karibu kila maana kiliyokuwa nayo, na mara nyingi hufika kimegeuka kuwa kitu.

Majina kwanza, maana ndiyo rahisi kuyaona. Debe hunasibishwa na "dabba", kopo la Kihindi. Laki ni "lakh", elfu mia, ambayo Kiingereza cha India kinaitumia kila siku ilhali Kiingereza cha Kenya hakiijui. Hata hivyo Mkenya anayetaja bei ya shamba kwa Kiswahili husema laki nane bila kufikiri. Bima ni "bima" kule kule, na gari ni "gari", lililokuwa mkokoteni kabla ya kuwa Probox. Chapa ni "chhap", muhuri, na kutoka hapo Kiswahili kikajitengenezea kuchapa kitabu, kuchapisha, mchapishaji, hadi mtu akisahau kabisa kwamba mzizi huo ni mgeni. Rangi ni "rang". Kikamba, ambacho hakina sauti ya r, kiliyapokea mengi ya haya kupitia Kiswahili na kuyakalisha kwa adabu zake: ngali, langi, nduka, mbesa, kyai. Msikilizaji wa Delhi asingeyatambua kwa mara ya kwanza. Kwa mara ya pili angetabasamu.

Yalifikaje bara kavu namna hii, mamia ya kilomita kutoka baharini? Wengi hutaja reli, nayo itatajwa. Lakini Wakamba hawakuingoja reli. Katika karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba, bidhaa ambazo nyingi zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo, na mnamo Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kutoka huko. Mtu huyo wa kamusi aliikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na mazoea ya kununua na kuuza na ng'ambo.

Na pembe zenyewe zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilipelekwa India, hasa Gujarat na Kutch, ambako mafundi walizikata kuwa pete kubwa za mkononi za mabibi harusi. Kwa Kihindi pambo hilo ni "bangri". Waingereza wakalichukua jina likawa "bangle", Waswahili wakaliita bangili. Jino la ndovu lililotoka nyika hii lilivuka bahari likawa pambo, na jina la pambo likarudi upande wa huku likavalishwa wanawake ambao baba zao waliwinda ndovu.

Kuna jambo dogo hapa la vivumishi. Wanunuzi wa pembe waligawa mali yao makundi mawili: laini na ngumu. Pembe za Afrika Mashariki zilihesabiwa laini, zile za upande wa magharibi mwa bara zikaitwa ngumu, na fundi wa Kihindi alipenda laini kwa sababu haikupasuka ovyo chini ya msumeno. Ukiigusa kwa kidole husikii tofauti yoyote. "Laini" ya soko la pembe haikuwa laini ya pamba wala ya uji. Ilikuwa istilahi ya watu wa kazi hiyo, na ilipokufa biashara, maana hiyo ilikufa nayo. Pembe iliacha jina la bangili, lakini haikuacha kivumishi.

Kisha reli. Kati ya 1896 na 1901 takriban vibarua na mafundi 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi ziwani. Ilipita Kibwezi na Makindu, leo Kaunti ya Makueni, mwendo si mrefu kutoka Mutomo kwa barabara. Makindu kuna hekalu la Kalasinga lililojengwa 1926, ambalo mpaka leo humlisha msafiri yeyote bila malipo, awe wa dini gani. Dereva wa lori la Mombasa hula pale dengu na chapati na kuendelea na safari. Neno Kalasinga lenyewe huelezwa kwamba lilikuwa jina la mtu, Kala Singh, kabla ya kuwa jina la watu wote wenye kilemba cha aina ile. Chapati nayo ina kioja chake. Nchini India chapati ni mkate mwembamba uliokaushwa juu ya kikaango bila mafuta. Chapati ya Kenya hukunjwa na kupakwa mafuta mpaka itoe matabaka, na kule ingeitwa paratha. Jina lilivuka, upishi ukafuata njia nyingine, na hakuna Mkenya aliye tayari kurekebishwa.

Pesa ndiyo iliyosafiri kuliko yote. Rupia ya India ilikuwa fedha halali katika himaya hii ya Waingereza hadi 1920, na sarafu zake ndogo ziliitwa paisa. Rupia ikaondoka, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Neno pesa halikuondoka. Mwezi Machi 2007 likapewa herufi moja mbele na kuwa M-Pesa, jina ambalo mwanakijiji wa Ikutha, kusini ya Mutomo, analijua kuliko jina la benki yoyote. Mwaka 2013 kampuni ya Vodafone ikaipeleka huduma hiyo India kwa jina hilo hilo. Huduma yenyewe haikudumu kule. Lakini Mhindi aliyeisoma kwenye bango hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Hayo yote ni majina ya vitu. Vivumishi je?

Kiingereza kilikaa India zaidi ya miaka mia tatu, na kilizoa maneno kwa pupa. Henry Yule na Arthur Burnell waliyakusanya katika kamusi yao nene, Hobson-Jobson, ya mwaka 1886. Ukiipekua, utakuta majina ya vyakula, nguo, vyeo, mizigo na mashua. Vivumishi ni vya kutafuta, na vile vilivyomo vina tabia ya ajabu. Chukua "khaki". Kwa Kiurdu na Kihindi ni kivumishi kilichotokana na "khak", vumbi, na maana yake ni yenye vumbi, ya rangi ya vumbi. Katikati ya karne ya 19 vikosi vya Waingereza mpakani mwa India vilianza kutia sare zao rangi hiyo ili zisionekane mbali. Kwa Kiingereza neno likawa jina la rangi, kisha la kitambaa, kisha la sare yenyewe. Jeshi la Keya (King's African Rifles) lilipoandikisha Wakamba kwa wingi, kaki ilifika Ukambani ikiwa nguo. Leo Mutomo ukitaka bahasha ya kaki unapewa bahasha ya kahawia. Nje ya duka hilo hilo vumbi jekundu linaruka, na hakuna anayesema barabara ni ya kaki, ingawa kwa asili ya neno hakuna kingine kinachostahili sifa hiyo zaidi.

Shampuu ilipita njia kama hiyo, tofauti ikiwa kwamba yenyewe ilianza kama amri: "champo", yaani kanda, bonyeza. Sake Dean Mahomed, mwenyeji wa Patna, alifungua bafu za kukanda watu mjini Brighton mwanzoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaanza kusema wanakwenda kufanyiwa shampoo. Baadaye maana ikahama kutoka mwilini hadi kichwani, kutoka mikononi mwa mkandaji hadi ndani ya chupa. Bangalo nayo, ambayo madalali wa nyumba Kenya wanaipenda mno, ilikuwa sifa: "bangla", ya Kibengali. Kitenzi kikawa chupa, sifa ikawa nyumba.

Lakini mfano mzito kuliko yote uko nyuma ya mji wenyewe. Ukitoka Mutomo kuelekea Ikutha na kuzidi kusini, unafika mpakani mwa Tsavo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948. Ndiyo nchi ya majangili katika habari za magazeti ya Kiswahili. Jangili linafanana mno na "jangli" ya Kihindi, kivumishi cha "jangal": cha porini, mwitu, asiyestaarabika. Kihindi kinaweza kulitumia kwa ua, kwa paka, kwa mtoto asiye na adabu. Kiswahili kilichagua maana moja tu kati ya hizo na kuipa miguu miwili: jangili ni mtu, anaua wanyama wa hifadhi, anatafutwa na askari. Kiingereza kikachagua upande mwingine, kikaacha sifa na kubeba jina, "jungle", na kwa Mwingereza jungle ni msitu mnene, wenye maji, mimea ya kutambaa na nyani.

Sasa rudi nyuma zaidi. Katika Kisanskriti, mama wa Kihindi, "jangala" ilikuwa sifa ya nchi kavu, yenye miti ya kutawanyika na maji haba. Ni nyika. Ni Mutomo hasa, na migunga yake, mibuyu yake na mito ya mchanga ambayo watu huichimba kutafuta maji. Neno lililoanza likimaanisha ukame limefika Ulaya likimaanisha unyevu, na limefika Afrika Mashariki likimaanisha mhalifu. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alichukua kipande alichokihitaji.

Lakini kipande cha Kiswahili kilikuwa na gharama. Wakamba walikuwa wawindaji wa upinde na mshale wa sumu kabla ya hifadhi kuwapo, na mwindaji hodari alisifiwa kwa jina hilo la mwindaji. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni kali dhidi ya wawindaji wa Kikamba na wa Kiwaata kandokando ya Tsavo. Mtu yule yule, mshale ule ule, akabadilishiwa neno. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, walikuja wenye bunduki za kisasa na biashara ya kimataifa, na Kenya ikateketeza tani 12 za pembe Nairobi mnamo Julai 1989. Huo ulikuwa uhalifu wa aina nyingine kabisa. Neno jangili limewafunika wote, na hapo lugha imekuwa mvivu kuliko inavyostahili.

Mbona basi vivumishi vya kawaida kabisa havikuvuka? Kihindi kina jozi moja ambayo Mhindi haishi siku bila kuitumia: "kachcha" na "pakka". Tunda bichi ni kachcha, bivu ni pakka. Chakula kisichopikwa ni kachcha. Nyumba ya udongo ni kachcha, ya matofali ni pakka. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo ilikuwa kachcha miaka mingi, na sasa kwa kuwa imewekwa lami ni pakka. Fundi asiyeijua kazi, uzi usio imara, ahadi isiyo na uhakika, zote ni kachcha. Waingereza wakachukua pakka, wakaiandika "pukka", wakaibakizia maana moja ya kitu halisi au cha hali ya juu. Cutcha, pacha wake, imo katika Hobson-Jobson, ila imesahaulika kwao. Walichukua bivu, wakaacha bichi.

Kiswahili hakikuchukua hata moja, na sababu iko wazi: kilikuwa nacho chake. "-bichi" ya Kiswahili inafanya karibu kazi zote za kachcha. Embe bichi halijaiva, nyama mbichi haijapikwa, kuni mbichi hazijakauka, nguo mbichi imetoka kufuliwa, kidonda kibichi bado kinauma, na ukisema kijani kibichi umetaja rangi. Hapakuwa na pengo. Duka lilikuja kwa sababu halikuwapo. Ubichi ulikuwapo tangu embe la kwanza.

Kuna sababu ya pili, ya ndani zaidi. Vivumishi asilia vya Kibantu, vile vinavyopokea viambishi vya ngeli, ni vichache. Mwanafunzi anaweza kuviandika vyote kwenye kurasa mbili za daftari na nafasi ikabaki. Vikiwa vichache hivyo, kila kimoja hulazimika kulima mashamba mengi. Sikiliza siku moja ya fundi wa kuchomelea vyuma hapa mjini. Anafanya kazi kwenye jua kali. Ananoa panga mpaka liwe kali. Mteja wake ni mkali kwa sababu kazi imechelewa. Maumivu ya mgongo ni makali, akanywa dawa kali. Ukame wa mwaka ule ulikuwa mkali, maziwa yaliyolala yamekuwa makali, kona ya kushukia mtoni ni kali, mbwa wa jirani ni mkali, na jioni anamsifu mshambuliaji wa timu yake: jamaa ni mkali. Mwingereza angehitaji maneno manane au tisa tofauti, na hilo la mwisho lingemchanganya kabisa.

Maana hizo hazikutupwa ovyo. Kinachoziunganisha ni kuingia kwa nguvu: kinachopenya ngozi, ulimi, sikio, subira. Mchezaji mkali naye hupenya, ila yeye hupenya ngome. Mtu aliyezaliwa na lugha hafikirii uzi huo, anautembea tu. Mgeni anayekopa huona shanga moja na kuichomoa. Ndiyo maana serikali ya Kenya ilipoandika waraka wake wa kisera Na. 2 wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo, kwa Kiingereza cha ofisini, ililiacha jina la kazi za mafundi kama huyo, "Jua Kali", kama lilivyo kwenye kichwa cha waraka. Kwa Kiingereza hicho, kali haimaanishi chochote peke yake. Imegandishwa ndani ya jina, kama khaki.

Atatokea wa kupinga: mbona Kiswahili kimejaa vivumishi vya Kiarabu? Safi, rahisi, ghali, hodari, laini, maskini, tajiri. Kweli, na pingamizi hilo ni zuri. Lakini Kiarabu kiliingia pwani kwa mlango wa dini, chuoni na nyumbani, na mtu anayesali, kuandikiana barua na kuoana kwa lugha hukopa hata namna ya kusifu. Mhindi wa dukani alizungumza na wateja wake Kiswahili, na Kigujarati chake akakiacha nyuma ya kaunta. Mteja alisikia majina ya bidhaa tu. "Barabara", ile ya kusema "nimekuelewa barabara", ni miongoni mwa vichache vilivyopenya, kutoka "barabar", sawa, nayo ilipofika ikaacha kuwa kivumishi na kuwa kielezi. Kikamba kilisimama kidete zaidi. Kilikubali nduka na mbesa, lakini kizuri na kibaya ndani ya duka hilo vilibaki -seo na -thuku.

Wafasiri na watunga kamusi ndio wanaoumia hapa. Ukitafsiri "dry land" utasema ardhi kame, na hakuna anayesema nguo kame. Nguo ni kavu. Mwenye macho makavu hana aibu. Chai kavu ni ile isiyo na kitafunio, hata kama kikombe kimejaa pomoni. Kwa Kiingereza neno "hot" likisemwa juu ya chakula, hata Waingereza wenyewe huuliza: moto au pilipili? Kamusi inayoandika "-kali: sharp" na kuendelea na neno linalofuata imemwacha msomaji njiani.

Na ukitaka kuona kivumishi cha Kiingereza kikipatwa na yale yale, ingia hoteli yoyote ndogo Mutomo asubuhi uagize strungi. Mzizi wake ni "strong". Kwa Kiingereza neno hilo husifu mtu mwenye misuli, kamba isiyokatika, hoja yenye uzito, harufu, upepo na chai yenye majani mengi. Kwetu limebaki na kazi moja: chai isiyo na maziwa. Inaweza kuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe na bado ikaitwa strungi. Ukitaka iwe na majani ya kutosha, itabidi umwambie mhudumu akuletee strungi kali.